Tumehamia Nairobi kutoka Tanga na watoto wadogo, mkubwa hasemi neno shuleni, nifanyeje?

MamaTariq_Tanga

Habari zenu wana Nairobi na Watanzania wenzangu mlioko huku. Naombeni ushauri jamani, itakuwa ndefu kidogo mnivumilie.

Tulihamia huku mwezi wa tano, mume wangu alipata kazi Industrial Area kwenye mambo ya usafirishaji, tumepanga South B ghorofa ya tatu. Nina watoto wawili, Tariq miaka sita na Nasra ametimiza miwili juzi juzi. Tariq kule Tanga alishaanza darasa la kwanza tangu Januari na alikuwa anaendelea vizuri, KKK yote anaijua, kusoma anasoma, ukimpa gazeti anakusomea vichwa vya habari, hesabu za kujumlisha anafanya. Sasa hapa tukampeleka shule moja ya praiveti jirani na tunapokaa, wakamfanyia intavyu, yote Kiingereza mwanzo mwisho, mtoto akakaa kimya kama maji mtungini. Wakasema hawezi Gredi 1, aanzie PP2, yaani chekechea. Tukakubali kwa sababu hatukujua pengine pa kwenda, baba yake kazini na mimi barabara zenyewe sijazijua.

Tangu ameanza mwalimu anasema hajatoa neno. Anakaa, akipewa kazi ya kuandika anaandika, lakini kuongea hapana, hata na watoto wenzake. Wiki iliyopita karudi nyumbani suruali imelowa. Nilipombana akasema mwalimu anataka waombe ruhusa ya chooni kwa Kiingereza na yeye hajui inasemwaje, basi akabana mpaka ikamshinda. Niliumia sana. Na chakula namfungia kila siku, kikopo kinarudi chapati iko vilevile nilivyoikunja mimi, hajaigusa. Huyu mtoto Tanga ndiye alikuwa msemaji wa mtaa, hakuna mgeni anapita bila yeye kumsalimia.

Nasra naye mafua hayaishi, hii baridi ya huku sikuitegemea, nikimtoa nje naogopa nikimweka ndani analia. Na hapa kwenye jengo kila mtu mlango wake umefungwa. Kwetu asubuhi ukifungua tu watoto wa jirani wameshaingia wako na wewe. Hapa unasikia viatu kwenye ngazi, geti linagonga, basi, kimya mpaka jioni. Siku nzima ni mimi na Nasra tu.

Naomba mnisaidie, hiyo PP2 nikubaliane nayo au nitafute shule nyingine? Za serikali zinapokea mtoto wa kigeni? Na mliohamia na watoto wadogo, wenu walizoeaje? Baba yao anasema tuwape muda. Mama yangu anasema nimrudishe Tariq Tanga akae naye mpaka amalize la kwanza, hilo linaniuma lakini kuna usiku nalifikiria kweli.

---

Mwalimu_Wangari

Karibu Nairobi Mama Tariq, na pole kwa hayo yote. Mimi nafundisha gredi za chini shule ya serikali huku Eastlands, na watoto kama Tariq nimeshika wengi, wa kutoka Tanzania, Kongo, Somalia, na hata wetu wenyewe wametoka ushago, huko kijijini, ambao Kiingereza wanakutananga nacho hapa tu.

Hiyo kunyamaza isikuogopeshe sana. Mtoto akiingizwa kwa lugha mpya mara nyingi ananyamaza kwanza, anaskiza, anaweka maneno. Inaweza chukua wiki, inaweza chukua miezi kadhaa, halafu siku moja ataanza na utashangaa kumbe alikuwa anashika kila kitu. Cha kuangalia ni nyumbani. Akifika kwako bado anaongea, anacheza, anagombana na dadake, uko sawa. Kama hata nyumbani amenyamaza, halali vizuri, hataki kula hata jioni, hapo mpeleke aonwe na daktari usingoje.

Lakini hiyo maneno ya choo haifai kungoja hata siku moja. Kesho asubuhi enda na yeye shule, kaeni watatu, wewe, Tariq na mwalimu wake wa darasa, mkubaliane ishara. Ainue vidole viwili na atoke, bila kusema chochote. Mwalimu yeyote amezoea watoto wadogo ataelewa, na asipoelewa enda kwa mwalimu mkuu, usione haya.

Halafu nyumbani mfundishe sentensi tano tu za Kiingereza. Achana na rangi na majina ya wanyama, hizo atapata darasani. Mfundishe ya kuomba kwenda choo, ya kuomba maji, ya kusema sijaelewa, ya kusema naumwa, na ya kuuliza mtoto mwingine kama anaweza cheza na wao. Mfanye kama mchezo jioni ukipika, wewe uwe mwalimu yeye aombe, halafu mbadilishane awe mwalimu na wewe ndio unaomba. Watoto wanapenda sana kumnyima mzazi ruhusa. Na hiyo sentensi ya kucheza ndio ya maana kushinda zote, juu Kiingereza cha kitabu anafundishwa na sisi lakini cha mdomo anafundishwa na watoto wenzake saa ya breki. Hata chakula nafikiri hali kwa sababu hana mtu wa kukaa naye. Jaribu kumwekea kitu cha kugawana, vipande vidogo vidogo, aone kama kuna mwenye atakuja.

Sasa PP2. Huku kwa mtaala wetu wa CBC, siku hizi wanaiita CBE, mtoto anapitia PP1 na PP2 halafu anaingia Gredi 1 akiwa na miaka sita hivi. Kwa umri wake Tariq ni wa Gredi 1. Lakini mwaka wetu wa shule unaisha mwezi wa kumi, na tuko mwisho wa muhula wa pili, umebaki mmoja. Akimaliza huu mwaka hapo PP2 halafu Januari aingie Gredi 1 sioni akiwa amepoteza kitu, wako wengi wa hiyo miaka. Kile siwezi kubali ni akalishwe PP2 mwaka mwingine mzima. Hiyo mwambie hedi akuandikie kwa karatasi kwamba Januari anaendelea.

Na tafadhali usiwache kumsomesha Kiswahili nyumbani. Mtoto ameshajua kusoma kwa lugha moja kazi kubwa ameshaifanya, anajua herufi zikishikana zinatoa neno. Kiingereza kitamsumbua kwa spelingi lakini kusoma hataanza upya. Tena Kiswahili ni somo huku tangu Gredi 1, huyo wako atawaongoza, na mtoto akiwa na somo moja anaongoza wenzake wanamtafuta.

---

Atieno_Donholm

Mwalimu heshima yako, lakini kwa PP2 mimi napinga. Sisi tulitoka Kisumu, hata si nchi ingine, na kijana yangu aliwekwa na watoto wadogo juu ya Kiingereza tu, na akaanza kusema yeye ni mjinga. Mtoto wa miaka sita anajua kujipima urefu na wenzake. Anaona viti ni vidogo, anaona wimbo wanaimba aliuwacha zamani, hata kama hasemi anaona.

Mama Tariq, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema shule ya serikali haiwezi kumnyima mtoto nafasi juu ya mtihani wa kuingia, na pia haitaki mtoto arudishwe darasa. Na shule ya msingi ya serikali hailipishi karo tangu 2003, vitu vidogo vidogo utaambiwa lakini si kama praiveti. Beba cheti chake cha kuzaliwa, ripoti ya shule ya Tanga na pasipoti, enda ile shule iko karibu na wewe uulize Gredi 1 moja kwa moja. Huko uwanjani watoto wanaongea Kiswahili na Sheng, hatakaa kimya hata kama anataka. Kuna praiveti zingine mtoto akipatikana akiongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni, sasa mtoto kama huyo atafungua mdomo aje?

---

Mwalimu_Wangari

Atieno kwa sheria uko sawa, ila inaruhusu mtoto apimwe ndio ijulikane anafaa darasa gani. Na nisifiche, madarasa yetu ni makubwa. Mtoto mwenye kelele ananiona na mimi namwona, lakini mnyamavu anaweza kaa nyuma muhula mzima kama mwalimu hana macho. Hiyo ndio hofu yangu kwa Tariq.

Pia ni ukweli kwamba sera inasema mpaka Gredi 3 tufundishe kwa lugha inaongewa hilo eneo, na kwa mitaa mingi hapa mjini hiyo ni Kiswahili. Kwa hivyo Mama Tariq usichague kwa maneno yetu hapa. Enda hiyo ya serikali saa nne kasoro hivi watoto wakitoka breki, simama tu uwanjani uskize wanaongea nini na walimu wanawaongelesha aje. Ingia kwa darasa moja la Gredi 1 uhesabu madawati. Halafu uamue. Na hata kama ni kuhama ningengoja muhula wa tatu uanze mwisho wa Agosti, usimhamishe katikati tena.

---

Nesi_Kamene

Hapo kwa Nasra niingilie, niko kliniki ya mama na mtoto.

Mama Tariq mmetoka Tanga, pale usawa wa bahari, mkaja mahali pako juu zaidi ya mita 1,600, tena mkafika Juni na Julai zikiwa mlangoni, hiyo ndio miezi mibaya ya baridi hapa mpaka Agosti. Asubuhi mapema inaweza fika nyuzi 10 au 11. Mafua ya kila mara kwa mtoto amehamia ni kawaida, anakutana na virusi vipya na hewa ni baridi, na kumfungia ndani madirisha yote yakiwa yamefungwa inaongeza, haipunguzi. Mvalishe mbili tatu nyepesi nyepesi kushinda sweta moja nzito, soksi na kofia, mtoe nje jua likishatoka saa nne saa tano hivi. Masweta usinunue dukani, enda Gikomba au Toi asubuhi utapata mazuri ya mitumba.

Ya kukutoa mbio ni hizi: akipumua haraka, kwa umri wake kuanzia mara 40 kwa dakika akiwa ametulia, au ngozi ya chini ya mbavu ikiingia ndani akivuta pumzi, au akikataa kunywa kabisa, au ashikwe na degedege. Hapo usimpake mafuta ya kifua ukangoja kesho, mlete hospitali saa hiyo hiyo.

Na tafadhali sana, USIINGIZE jiko la makaa ndani ya nyumba ya ghorofa eti mpate joto, halafu mkafunga mkalala. Ile gesi ya makaa haina harufu na inaua familia nzima. Kila msimu wa baridi tunasikia hiyo habari.

Kadi yake ya kliniki ya Tanga uje nayo hivyo hivyo, chanjo zetu na zenu zinafanana karibu zote, surua rubela ni miezi tisa na miezi kumi na nane pande zote mbili, tutaangalia kama alipata ya pili. Vitamini A ni kila miezi sita mpaka afike miaka mitano, na dawa ya minyoo. Chanjo kwa kituo cha serikali hulipi.

Kitu kingine watu wa pwani wanasahau. Nairobi malaria ni kidogo, kwa hivyo mtoto akichemka mwili daktari wa hapa anaweza kufikiria mambo mengine kwanza. Mkienda Tanga likizo na mkirudi achemke, hata kama ni wiki mbili tatu baadaye, mwambie daktari kwa mdomo wako "tumetoka Tanga" na uombe apimwe malaria.

---

Bi_Salma_SouthC

Mwanangu Mama Tariq, karibu. Mimi ni wa Mombasa, Nairobi nimelea na sasa nalea wajukuu, hapo South B ni kuvuka tu.

Nimesoma hayo ya mamako na nimeyaelewa, bibi anamtaka mjukuu wake na anaona anateseka. Lakini usimrudishe. Mtoto hatengwi na mamake na nduguye kwa sababu ya Kiingereza. Kiingereza atakijua, Mungu akipenda mwakani mwezi kama huu utakuwa wamwambia apunguze. Akikaa Tanga miezi sita halafu aje, itakuwa ahama mara ya pili na wakati huo wenziwe wote washajuana.

Sasa hayo ya milango. Mtu wa Nairobi hakupigii hodi, si kwamba hakupendi. Ametoka kazini kachoka, tena aogopa kukusumbua, na wengine wameshaibiwa. Ukingoja wao waje utangoja sana mwanangu. Wewe ndiye upige hodi. Jumapili hii pika mahamri, weka kwenye sahani ndogo ndogo, mpe Tariq abebe, mgonge mlango wa kushoto na wa kulia na ule wa chini yenu. Sema tu sisi ni wageni twatoka Tanga, mimi Mama Tariq, basi. Usiingie, usikae. Sahani itarudi, na ikirudi haitarudi tupu, na hapo ndipo mlango hufunguka.

Nguo zako uanike juu kwenye paa saa ile wanaanika wenzako, usiende peke yako usiku. Kule kwenye kamba ndiko wanawake huongea, utajua nani ana mtoto wa miaka miwili na nani ana dada mzuri wa kazi na maji yakatika siku gani. Mama mboga wako awe mmoja, usihangaike na kila kibanda, akishakuzoea atakuwekea mchicha na atamjua Nasra kwa jina. Na jioni saa kumi saa kumi na moja shuka na watoto kwenye paking. Watoto wa ghorofa huchezea hapo kati ya magari, keateka, yule msimamizi wa jengo, huwapigia kelele lakini awaachia. Kaa kwenye ngazi na Nasra wako, mpe Tariq mpira. Mtoto mwenye mpira haulizwi Kiingereza.

Na madrasa mwanangu, ikiwa hajaanza muanzishe. Pale herufi ni zile zile alizosoma Tanga, dua ni zile zile, ataingia akiwa ajua kitu. Nilimuona hivyo mtoto wa jirani yangu Mzanzibari, alifunguka madrasa kwanza, shule ikafuata.

---

MamaTariq_Tanga

Shikamoo mama. Nimesoma nikalia hapa jikoni, Nasra ananishangaa. Asanteni wote, sikutegemea mtu ataandika hivi kwa mtu msiyemjua.

Mwalimu, nyumbani anaongea sana, tena akirudi ni kama anatapika maneno yote ya siku nzima, kwa hiyo hapo nimepata moyo. Kesho naenda kwa mwalimu wake na hiyo ya vidole viwili. Dada Atieno na shule ya serikali nitaitembelea, sikujua hata kama naruhusiwa kuingia kuangalia. Nesi, jiko la mkaa nilikuwa nimeshanunua kweli, linakaa kwenye balkoni na halitaingia ndani. Kadi ya Nasra ninayo.

---

BabaNeema_Arusha

Shemeji karibu. Mimi ni wa Arusha, niko Nairobi muda sasa na familia, yale ya watoto wameshayamaliza akina mama ngoja niongeze ya karatasi na ya nyumba maana wengi tunaumia hapo.

Raia wa Afrika Mashariki ukiingia unagongewa muhuri wa kukaa hadi miezi sita. Nyinyi mliingia mwezi wa tano, kwa hiyo msisubiri Novemba ifike. Mume akishakuwa na kibali cha kazi, wewe na watoto mnaombewa pasi ya mtegemezi, inaombwa mtandaoni na ofisi kubwa ya uhamiaji iko Nyayo House pale mjini. Wewe kama mtu mzima unachukua pia kadi ya mgeni, ndiyo utaitumia kila mahali, benki, laini ya simu, hospitali. Mwambie mume aulize ofisini kwake nani anashughulikia, kampuni nyingi zina mtu wa hiyo kazi. Na kama analipwa kwa mfumo wa kawaida, bima ya afya ya SHA ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 inakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, basi ahakikishe nyinyi mmeandikwa kama familia yake, maana unaweza kukatwa kila mwezi na siku ya ugonjwa ukaambiwa mtoto hayupo kwenye mfumo.

Mkitaka kwenda likizo nyumbani, chanjo ya homa ya manjano. Ukitoka Kenya kuingia Tanzania mpakani wanaulizia ile kadi ya njano, na mtoto aliyezidi mwaka mmoja naye anatakiwa awe nayo. Wengi wanakumbuka wakiwa Namanga au Horohoro, basi limesimama na watoto wanalia.

La maji hili lisikilize vizuri hasa kwa sababu ya watoto. Nairobi maji ya kanjo, yaani ya bomba la jiji, yanakuja kwa zamu, siku mbili tatu kwa wiki kutegemea mtaa, na majengo mengi yanajaziliza kwa kisima cha kuchimbwa. Visima vingi vya hapa vina madini ya floraidi kupita kiasi, sisi watu wa Arusha tunayajua, ndiyo yale yanayotia meno rangi ya kahawia. Meno yanaharibika yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya fizi, yaani mtoto wa chini ya miaka minane, umri wa Tariq na Nasra kabisa. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haitoki, tena inazidi kukolea maji yakipungua. Muulize keateka waziwazi, tangi la juu ni maji ya kanjo au ya kisima au yamechanganywa. Kama ni ya kisima, ya kuogea na kufulia sawa, ya kunywa na kupikia uji wa watoto tafuta ya kanjo, siku yakija jaza madumu ya kunywa pembeni uyachemshe.

Nauli. Kwetu LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, wakishapanga bei konda hana la kusema. Hapa bei inapanda asubuhi, inapanda jioni na mvua ikidondoka inapanda palepale, uliza kabla hujapanda. Mtoto ukimpakata halipi. Kingine kizuri cha hapa ni nyumba unalipa mwezi kwa mwezi na dipoziti, si kama kwetu mwenye nyumba anataka ya miezi sita au mwaka mkononi, kwa hiyo jengo likiwashinda hamjafungwa, mnaweza kuhama bila kupoteza fedha nyingi. Na mama yako akitaka kuwatumia wajukuu kitu, M-Pesa ya Tanzania inatuma moja kwa moja M-Pesa ya huku.

Neema wangu alikuja na miaka minne. Alichokuwa analilia zaidi ni bibi yake, si shule. Tuliweka simu ya video kila Jumamosi asubuhi, saa ile ile, bibi anamsimulia hadithi kipande na kumalizia wiki ijayo. Kwa kuwa alijua inakuja, siku za katikati alitulia. Mpe mama yako kazi hiyo, naye roho itatulia.

---

MamaTariq_Tanga

Jamani nimerudi kuwapa habari maana mmenisaidia.

Mwalimu wake hakuwa na shida, kumbe hata hakujua kilichotokea, alidhani amemwagikiwa na maji. Ishara ya vidole tumekubaliana na suruali hazijarudi zimelowa tena. Kuongea bado, lakini zile sentensi tano anazijua zote, jioni ananinyima ruhusa ya chooni anacheka mpaka anakaa chini. Chakula nilimkatia mandazi vipande, kikopo kimerudi kitupu, nikamuuliza umekula na nani akasema "na Brayo". Sijui Brayo ni nani lakini Mungu ambariki.

Bi Salma mama yangu, mahamri nimegonga milango mitatu. Mmoja hakufungua. Wa chini ni mama wa Kikamba ana mapacha wa miaka miwili na nusu, mpaka sasa Nasra anashinda huko na mimi nalala kidogo mchana. Wa kulia ni mzee yuko peke yake, Tariq alimwamkia shikamoo, yule mzee alifurahi akamwita mkewe kwa simu amwambie.

Baba Neema, tangi la juu keateka anasema wanachanganya. Nimeanza kujaza madumu siku za kanjo. Mama yangu nimempa kazi ya Jumamosi, ameacha ile habari ya kumrudisha, sasa anauliza hadithi zipi.

Shule ya serikali nimeenda. Kweli ni kubwa na watoto ni wengi, Gredi 1 wanakaa watatu dawati moja, lakini mwalimu niliyemkuta alikuwa anawaelezea hesabu kwa Kiswahili na Tariq akaniminya mkono akanong'ona jibu. Sijaamua. Hedi wa huku amekubali kuniandikia kwamba Januari anaenda Gredi 1, kwa hiyo mpaka Agosti ninafikiria. Swali langu sasa ni likizo ya Agosti, nimpeleke wapi huyu mtoto asikae kwenye televisheni kutwa?

---

Atieno_Donholm

Siz mimi bado nasema serikali 😊 hiyo ya kunong'ona jibu inatosha kukuonyesha. Likizo mpeleke maktaba za kaunti, iko ya Kaloleni na iko ya Makadara, zilikarabatiwa na ziko na sehemu ya watoto, na kutoka kwako si mbali. City Park kule Parklands kuna kima wadogo wadogo wamezoea watu, lakini funga chakula yako kwa begi vizuri watakunyang'anya. Siku ya pesa kidogo mpeleke pale kwa wanyama mayatima Lang'ata barabarani, kando ya mbuga, ataona simba karibu.

---

Mwalimu_Wangari

Maktaba ni wazo nzuri sana. Chukua vitabu vya hadithi vya Kiingereza vile vya picha kubwa na maneno machache, na vya Kiswahili pia, asome kimoja kimoja kwa zamu. Kiswahili akusomee yeye, Kiingereza msome pamoja. Na tafuta huyo Brayo, uliza mwalimu mamake ni nani, likizo waonane hata mara moja kwa wiki, ndio muhula wa tatu ukianza asianze tena kutoka kunyamaza.

---

Bi_Salma_SouthC

Madrasa ya wajukuu wangu wana darasa la likizo asubuhi, Agosti yote. Nitumie ujumbe wa ndani hapa nikuelekeze, Jumatatu njoo na watoto wote wawili, na kama mama wa mapacha ana nafasi naye aje tunywe chai.